Skipa Hutoka wa Mwisho

Ukija kwangu ukaniita Mama Skipa, chai yangu hunywi. Kigoda nitakupa, shikamoo yako nitaipokea, lakini chai nitaimwaga palepale mbele yako uione inavyoingia ardhini. Mimi naitwa Mektrida, mama yake Evelyn, binti wa Yuditha wa Uru. Hilo jina jingine linanitia kichefuchefu. Hata stendi ya Moshi nikiwasikia vijana wanaitana, "Oya skipa, sogeza gari!" mate yananijaa mdomoni kama mtu aliyemeza inzi.

Shuleni tulifundishwa nahodha. Nahodha ni mkubwa wa chombo baharini, haya, na sisi huku mlimani bahari tunaisikia redioni. Kwenye mpira tukasema kapteni. Jeshini nako kuna kapteni. Wazee wetu walikuwa na mangi, na mangi alikuwa mangi kweli, akipita watu wanasimama. Siku hizi mangi ni mtu yeyote wa huku kwetu mwenye duka la sabuni na viberiti. Maneno nayo yanavaliwa na kuvuliwa kama mitumba ya soko la Memorial. Ila hili la skipa liliingia nyumbani kwangu likiwa jipya, halijavaliwa na mtu, na aliyelivaa ni mume wangu Valerian.

Wakati ananichumbia alikuwa kapteni wa timu ya parokia. Kitambaa cha ukapteni alikuwa anakivaa mkononi mpaka kwenye misa, mpaka siku padri alipomwambia akivue ndipo apokee komunyo. Ningekuwa na akili ningekimbia siku hiyo hiyo. Baadaye akaanza kubeba mizigo ya wageni mlimani, akawa mpagazi hodari, akajifunza Kiingereza cha kuokoteza, akapandishwa kuwa kiongozi wa msafara.

Safari moja ukungu uliwakamata njiani. Valerian aliwahesabu watu wake, akaona mmoja hayupo, akarudi peke yake kumfuata mpaka akamleta kambini amemshika mkono. Kulikuwa na mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza aliyekuwa na mashua kwao. Yule mzee akampigia saluti, akamwambia wewe ni skipa. Akamweleza kwamba kwao skipa ndiye mwenye amri chomboni, neno lake halirudiwi, lakini chombo kikizama abiria wanatoka, mabaharia wanatoka, na skipa hutoka wa mwisho. Siku ile Valerian alistahili. Siwezi kumnyima haki yake, ingawa roho yangu ingependa.

Basi, akalileta jina nyumbani. Kilabuni kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ikawa hadithi ni hiyo hiyo, kata ikizunguka naye anazunguka nayo: "Skipa hutoka wa mwisho, jamani! Skipa hutoka wa mwisho!" Watu wakaitikia, kwa sababu pombe alikuwa ananunua yeye. Mwaka haukupita, akawa haitiki ukimwita Valerian. Geti letu akaliandika SKIPA kwa rangi nyekundu. Mimi mwenyewe aliniambia nimwite hivyo wageni wakija. Mimi ninayemfulia chupi! Nilimwambia skipa wangu ni Yesu peke yake, akanuna siku nzima.

Miaka hiyo kahawa ilikuwa imeanguka bei mpaka watu wanaing'oa wapande mahindi. Ruhusa ya biashara nayo imefunguliwa, kila aliyeweza kuazima gari anafungua kampuni ya kupandisha wageni. Vijana wote wa Uru walikuwa wanautazama mlima kama shamba lao jipya. Mdogo wangu Primus, kitinda mimba wa mama, naye akataka. Mama yetu alimleta mwenyewe kwetu. Alimshika Valerian mkono, akamwambia, "Baba Evelyn, mkwe wangu, huyu ndiye aliyebaki wa kunizika. Nakukabidhi. Umrudishe."

"Mama," Valerian akajibu huku amejaza kifua, "mimi ni skipa."

Mimi nikamnunulia Primus koti zito la kahawia pale Memorial. Kiwiko kilikuwa kimechanika, nikakishonea kiraka cha khanga yangu ya kijani. Wenzake wakamcheka, wakawa wanamwita Khanga, na yeye anacheka nao. Kijana hakuwa na makuu.

Mwaka wa tisini na sita walimshusha kutoka mlimani amekufa.

Valerian alitueleza msibani, kofia mkononi, machozi yakimtoka. Kwamba walikuwa wanashuka kutoka kileleni na mgeni mmoja, theluji ikawakamata, na Primus kwa ukaidi wa ujana akasema anatangulia. Kwamba kesho yake wapagazi walimkuta nyuma ya jiwe, hana koti. "Baridi ikizidi mtu anachanganyikiwa," alisema. "Anaona joto, anavua nguo mwenyewe." Wanaopanda mlima waliitikia kwa vichwa, kwa sababu jambo hilo lipo. Nami niliamini. Nililia kwenye bega lake mpaka shati likalowa.

Mama hakulia begani kwa mtu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeuzia mgongo. Gunia la mchele alilolileta Valerian kwa ajili ya matanga lilibaki pale mlangoni mwa kihamba, shamba letu la migomba, kuku wakalitoboa, mvua ikalinyeshea, na mama akawa anapita pembeni yake kwenda kuteka maji. Nilipomuuliza kulikoni, alisema, "Sijui, mwanangu. Tumbo langu limekataa." Tangu hapo mkwe wake hakukaribishwa tena.

Na wapagazi wana macho. Valerian alipopata leseni yake, kampuni ikawa kampuni, gari likapakwa rangi, wageni wa kwanza wakawa njiani kuja, akatafuta vijana wa kubeba mizigo, akakosa. Huyu anaumwa mgongo, yule anapalilia. Mwishowe kijana mmoja anaitwa Fabian, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Primus, ndiye aliyemwambia wazi: "Mama mkwe wako mwenyewe hajakupokea, skipa. Sisi tukufuateje kule juu?"

Ndipo mume wangu alipokumbuka mila.

Isale unaijua. Ni yale majani marefu tunayopanda mipakani mwa kihamba na kwenye makaburi. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, kwetu huwezi kulikataa. Hata kama amekuchomea nyumba. Ukikataa, laana inakurudia wewe uliyekosewa. Ila isale haijitembezi yenyewe. Hubebwa na mzee wa upande wa mkosaji, na mzee huyo lazima aambiwe kosa, maana anakwenda kulitamka.

Valerian alikwenda kwa baba yake mdogo, mzee Aristides, akarudi amefura, anasema mzee amekataa. Yaliyotokea nilikuja kuyasikia kwa mzee mwenyewe. "Nilimuuliza kosa lake," mzee aliniambia. "Akasema hakuna kosa, ilikuwa ajali. Nikamwambia, mwanangu, ajali haiombewi isale. Ajali inaombewa misa."

Kwa hiyo asubuhi yake nikiwa nampakulia mtori, akaniwekea isale mezani, kando ya sufuria. Ameikata mwenyewe mpakani, ameifunga fundo.

"Mama Evelyn, leo uende kwenu. Umpe mama hii."

"Mbona mimi? Wazee wako wamekwisha?"

"Wewe ni binti yake. Hatakuuliza maswali."

Nilikubali. Nilikuwa nimechoka na msiba usiokwisha, nilitaka mama na mume wangu wakae tena meza moja. Nikaenda stoo kutafuta kikapu cha kubebea, maana isale haibebwi mkononi kama kuni. Stoo ilikuwa imejaa mahema na magodoro yake ya safari. Nikavuta mfuko mmoja wa nailoni uliokuwa umesokomezwa nyuma kabisa, ukapasuka, ikatoka harufu ya ukungu, kisha kikatoka kiwiko chenye kiraka cha kijani.

Nilirudi nalo mezani. Alikuwa bado anakula.

"Hili koti la nani?"

Akalitazama, akatafuna, akameza. "La kazi. Makoti yanafanana."

"Na kiraka changu kinafanana na cha nani, Valerian?"

Akaweka kijiko chini. Nilisubiri aape, abishe, anipige hata kofi. Hakufanya hivyo, alianza tu kunieleza.

"Mgeni alikuwa anatetemeka, Mektrida. Mgeni akifa mlimani ni habari ya dunia nzima. Nilimwambia Primus avue ampe. Nikamwambia akae nyuma ya jiwe apate kujikinga, namshusha mgeni, narudi."

"Ulirudi?"

"Theluji ilikuwa nyingi."

"Nimekuuliza, ulirudi?"

"Nilifika kambini hoi, koti nimeshamvua mgeni nikalitia mfukoni. Wakaniuliza Primus yuko wapi, nikasema ametangulia chini. Nilijua ni kijana, ana nguvu, atashuka mwenyewe. Na mimi nilikuwa nangojea leseni. Nikisema nimemwacha mtu juu, nani ananipa leseni?"

"Kwa hiyo hakuna aliyekwenda kumtafuta."

"Nani aende, na wanajua ametangulia?"

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Halafu, Yesu na Maria, akachukua kijiko akaendelea na mtori. Ulimtiririka kidevuni akaupangusa kwa kiganja, akalamba kiganja. Nilitoka nyuma ya nyumba nikatapika mpaka nyongo. Nimeishi na mtu yule, nimemzalia, nimelala kwenye kifua kile, na nilijiona mwili mzima unanuka.

Akanifuata na kikombe cha maji. "Usimwambie mama, utamuua. Mpe isale, yaishe. Mavi ya kale hayanuki, Mama Evelyn."

"Haya ni mabichi, Valerian. Na umekaa nayo mezani kwangu."

Hata hivyo nilikwenda. Koti nililitia chini ya kikapu, juu yake jani la mgomba, juu ya jani isale. Njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Nikimpa isale peke yake, mama atapokea, maana hana budi, na akishapokea amesamehe. Atakuwa amemsamehe mtu kwa kumuua mwanawe wala hajui kama aliuawa. Hata akijua kesho hawezi kurudi nyuma. Valerian alikuwa analijua hilo tangu anaikata isale ile, ndiyo maana alinituma mimi. Kwa upande mwingine mama alikuwa mtu mzima, moyo wake hauna nguvu. Na kama lile alilosema Valerian, kwamba nitamuua, lingekuwa kweli?

Nilimkuta anamenya ndizi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kikapu. Akaweka kisu chini, akajifuta utomvu. "Hiyo ameibeba nani?"

"Mimi."

"Aristides yuko wapi?"

"Amekataa."

Akaitazama isale. Kisha akanyoosha mkono, nami nikaona kabisa kwamba atapokea, kwa sababu mama ni mtu wa mila na hajawahi kukataa isale maishani mwake. Nikamshika mkono. "Mama, usiipokee kabla hujaona kilichoko chini."

Nikamtolea koti. Nikamwambia yote, la jiwe, la mgeni, la "ametangulia," sikubakiza kitu. Yeye alikuwa ameshauzika uso wake ndani ya koti, kwenye makwapa, anatafuta harufu ya mwanawe kwenye ule ukungu. Aliposikia la kambini alisimama, akatoka na koti akaenda kwenye mibuni. Nilisikia sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Akachukua isale.

"Mama! Unapokea? Ya mtu yule?"

"Isale haikataliwi. Amemla mwanangu, sasa anivunjishe na mila?" Akaisimika isale kwenye ndoo ya maji. "Mwambie nimepokea. Na mwambie aliyepokelewa anakuja mwenyewe, na mbege, na watu wake. Tutakunywa kata moja."

"Na utamwambia nini akija?"

"Mimi? Mwenye kosa ndiye anayesema."

Nilipomfikishia Valerian kwamba isale imepokelewa, alipiga paja akacheka. "Unaona! Mila zetu ni nzuri sana." Koti hakuliulizia. Nadhani aliamini nimelichoma, kama mke mwema. Akaagiza pipa la mbege, akatafuta mbuzi, akawaalika wapagazi wote wa Uru waje waone kwa macho yao.

Walikuja Jumapili baada ya misa. Valerian alikuwa na kofia mpya. Vijana wanne walilishusha pipa garini huku yeye anawaelekeza kwa kidole, "Taratibu, taratibu, msilitikise." Wengine wakaanza tena kumwita skipa, na shingo yake ikarefuka. Mzee Aristides naye alikuja, akakaa pembeni, fimbo katikati ya magoti. Kaburi la Primus lilikuwa hapo hapo, hatua chache, isale ya mipaka imeshachipua pande zote.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Valerian akachota, akaonja, akampa mama kata kwa mikono miwili. Mama akainywa yote, hakubakiza hata tone. Akasimama.

"Valerian, isale yako nimeipokea na pombe yako nimeinywa. Nimekusamehe. Sitakuapiza, sitakudai damu, na mtu wa ukoo wangu hatakugusa."

Watu wakapiga makofi. Valerian akavua kofia, akaanza kusema ahsante mama, ahsante sana.

"Sasa waambie hawa nimekusamehe nini," mama akasema.

Makofi yakafa. Valerian akacheka kidogo. "Mama, tusifukue. Ni ile ajali..."

"Ajali haiombewi isale," akasema mzee Aristides kutoka kule pembeni, wala hakuinua kichwa.

Mama akaingia ndani, akatoka na koti, akamwekea Valerian magotini. Kiwiko kiko juu. Hapakuwa na mpagazi pale asiyekijua kile kiraka. Fabian alisimama polepole.

"Ulituambia alivua mwenyewe," akasema. "Koti lilikuwa kwako?"

Valerian akanitazama mimi. Nilimkazia macho. Nilitaka anione vizuri jinsi ninavyomwona.

"Na pale kambini mimi ndiye niliyekuuliza," Fabian akaendelea. "Nilikuwa nimeshavaa viatu, skipa. Nilikuwa tayari kupanda. Ukaniambia nivue, ametangulia."

"Sema," mama akasema. "Umeshasamehewa. Unaogopa nini?"

Mume wangu alilitazama koti. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa ile mbege. "Nilimwacha," akasema. "Alikuwa hai. Nilimwacha."

Nilidhani watamrukia. Mama akainua mkono, wote wakabaki palepale.

"Miaka yote hii unatuambia skipa hutoka wa mwisho," alisema. "Nilikukabidhi mwanangu kwa sababu ya neno hilo. Basi leo utatoka wa mwisho." Akalichukua koti la mwanawe magotini pa mkwe wake, akaingia ndani.

Fabian aliigeuza kata yake, akaimwaga mbege kwenye nyasi, akaondoka. Akafuata mwingine, na mwingine. Hakuna aliyemtukana. Mzee Aristides alipopita mbele yake alitema mate pembeni, akaendelea na fimbo yake. Mbuzi alikuwa bado amefungwa kwenye mgomba, hajachinjwa, anatafuna.

"Mama Evelyn," Valerian akaniambia, "twende nyumbani."

"Nyumbani ni hapa." Nikamshika Evelyn mkono tukaingia kwa bibi yake.

Pipa lilikuwa la kuazima, lazima lirudi. Tulimsikia anawaita vijana kwa majina. "Fabian! Jamani, Fabian! Nishikieni pipa!" Walikuwa bado njiani pale chini, karibu tu, wanamsikia vizuri. Dirishani nilimwona anaimwaga mbege yote, inamlowesha viatu, kisha akalilaza lile pipa, akaanza kulisukuma kwa mikono kuelekea barabarani kwenye gari, kofia mpya imeanguka kwenye matope. Nyuma yake uani hakubaki mtu.